Barong, majani ya nanasi na mikono ya wafumaji

Jamani habari za jioni, asanteni kwa kuja. Leo tunaongelea mavazi ya Ufilipino na naanza na barong Tagalog, lile shati la wanaume jepesi linaloonyesha ndani, lina nakshi kifuani na halichomekewi, harusini wanavaa, kwenye shughuli za serikali wanavaa, na Ramon Magsaysay alipoapishwa kuwa rais mwaka 1953 alivaa hilo, hakuvaa suti. Watu wakiliona wanasema ah, hayo ni mambo ya Wahispania tu, si walitawala pale zaidi ya miaka 300. Mi nakataa.

Angalieni kitambaa chenyewe. Kile cha hadhi kabisa kinaitwa piña na kinatoka kwenye majani ya nanasi, ndiyo, majani. Nanasi lililetwa na Wahispania toka Amerika, sawa, lakini ufundi wa kufuma nyuzi za mimea Wafilipino walikuwa nao zamani, walishazoea abaka, ule mmea wa jamii ya mgomba. Kule Kalibo, mkoa wa Aklan, mtu anachukua jani bichi analikwangua kwa kigae cha sahani iliyovunjika mpaka nyuzi nene zitokeze, akishazitoa anakwangua tena kwa kifuu cha nazi apate zile laini za ndani, anaosha, anaanika, halafu sasa ndo kazi yenyewe, maana kila uzi urefu wake ni wa jani tu, kwa hiyo wanaunga ncha kwa ncha kwa mkono, fundo baada ya fundo, ndo waanze kufuma. UNESCO waliuweka ufumaji huo kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2023, na walistahili kabisa. Nakshi nyingi zinadariziwa Lumban, mkoa wa Laguna, kuna mtindo wanachomoa nyuzi kwenye kitambaa halafu wanafunga zilizobaki, vinatokea vitundu vitundu vizuri mno.

Sasa kuna stori imeenea eti Wahispania waliwakataza Wafilipino kuchomekea shati ili wasifiche silaha. Sheria hiyo haijawahi kuonekana kwenye kumbukumbu, na Antonio de Morga, ofisa Mhispania, kwenye kitabu chake cha 1609 anaeleza wanaume wa kisiwa cha Luzon na vazi lao lisilo na kola, linashuka chini kidogo ya kiuno. Yaani nguo ya kuachia nje walikuwa nayo, kwa nini tuwape wakoloni hata hilo?

Kwa wanawake kuna gauni linaitwa terno, mikono yake imesimama mabegani kama mbawa za kipepeo, hapo Ulaya inaonekana zaidi, sibishi. Lakini shukeni kusini, kisiwa cha Mindanao. Kabila la Wamaranao wana malong, kitambaa kilichoshonwa duara, ndugu wa saruni za Wamalay, kinavaliwa na wanaume na wanawake, na mtoto anabebewa humo humo. Na kabila la Watboli wa Lake Sebu wanafuma kitambaa cha abaka kinaitwa t'nalak bila mchoro wa karatasi, wanafunga nyuzi vifundo kabla ya kutia rangi, na michoro wanasema wanaoteshwa ndotoni. Bibi Lang Dulay alipewa heshima ya taifa kwa kazi hiyo mwaka 1998.

Haya, maswali karibuni.