Mwaridi wa Njano na Maji ya Dodoma

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo tunazungumzia kupanda na kutunza mwaridi mfupi wa njano wenye harufu hapa kwetu Dodoma. Kabla hatujagusa mbolea wala mkasi, naomba kila mwenye mwaridi nyumbani aukumbuke jinsi ulivyo leo. Je, juu ya udongo kuna ukoko mweupe? Majani machanga yamegeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani? Kingo za majani ya chini zimeungua kama zimepitishwa motoni? Ukiona hata dalili moja kati ya hizo, usikimbilie kulilaumu jua. Anza na maji: yana nini ndani yake, na unayamwaga namna gani.

Mvua ya Dodoma ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Novemba mwaridi wako unaishi kwa bomba au kisima. Maji ya visima vyetu vingi ni magumu. Mnayajua: sufuria ya chai inashika utando mweupe ndani. Utando huohuo unabaki kwenye udongo, kwa sababu jua linainua maji na kuiacha chumvi. Tuchukue mfano wa maji yenye gramu 1 ya chumvi kwa lita, na mwaridi unaopata lita 20 kwa wiki. Kwa wiki 30 za kiangazi, hizo ni gramu 600. Zaidi ya nusu kilo ya chumvi chini ya kichaka kisichofika kiunoni!

Sasa mtu anapomwaga kopo la lita mbili kila jioni, anajiona mwangalifu. Lakini maji hayo yanalowanisha sentimita chache za juu tu. Mizizi inayafuata hukohuko juu, kwenye udongo unaochemka mchana, na chumvi yote inakusanyika palepale mizizi ilipo. Siku bomba likikatika, mmea huo hauna akiba yoyote chini.

Tengeneza kisahani cha udongo kuzunguka shina, upana wa sentimita 80, kingo zenye kimo cha kiganja. Mimina lita 10 polepole, asubuhi mapema. Kuanzia Septemba hadi Novemba fanya hivyo mara tatu kwa wiki. Juni na Julai, kunapokuwa na baridi, mara moja au mbili zinatosha. Baada ya saa chache chomeka kipande cha nondo nyembamba. Kinateleza mpaka pale unyevu unapoishia, kisha kinagoma. Kikigoma kabla ya sentimita 30, maji hayajatosha. Halafu mara moja kwa mwezi mpe lita 30 hadi 40 kwa mkupuo mmoja, taratibu, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Najua maji ni ghali, na ndoo mbili za ziada zinauma, lakini bila hizo unailimbikizia mizizi chumvi mwezi baada ya mwezi.

Kuna aliyeuliza pale mlangoni kuhusu maji ya kufulia. Hapana. Sabuni ina sodiamu, nayo inaharibu udongo na kuunguza mizizi. Maji ya kuosha mchele na mboga ni mazuri. Bora kuliko yote ni ya mvua: bati la mita za mraba 10 likipata mvua ya milimita 20, linakaribia kujaza pipa la lita 200. Yahifadhi yale kwa ajili ya miche michanga na miwaridi ya kwenye ndoo.

Ile njano ya majani machanga yenye mishipa ya kijani ni njaa ya madini ya chuma. Chuma kipo ardhini, ila chokaa ya maji magumu imekifunga, mizizi haikipati. Ndiyo maana majivu ya jikoni, ambayo wengi huyamwaga kwenye maua kwa nia njema, yanazidisha tatizo: majivu nayo huongeza umagadi, yaani kinyume cha uchachu. Tumia mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, vijiko viwili vya chakula kwa kichaka kila wiki sita wakati kinachipua, juu ya udongo uliokwisha kunyweshwa. Inalisha na polepole inapunguza hali hiyo ya umagadi. Hali ikiwa mbaya, uliza duka la pembejeo chuma cha mbolea kilichoandikwa EDDHA. Kile cha EDTA hakifai kwenye udongo wa namna hii, kwani kinafungwa kama kile kilichomo ardhini. Majani ya chini yakigeuka njano yote pamoja na mishipa, hilo ni jambo jingine: mara nyingi ni upungufu wa naitrojeni, au kiu.

Tuje kwenye mche wenyewe. Njano ya mawaridi ya kisasa ina asili yake. Ilitoka kwenye mwaridi wa Uajemi uitwao kitaalamu Rosa foetida, na jina hilo maana yake ni wenye kunuka vibaya. Mfaransa Joseph Pernet-Ducher wa Lyon aliuchanganya na miwaridi ya bustani, akatoa ‘Soleil d'Or’ mwaka 1900. Rangi ikapatikana, na pamoja nayo ukaja urithi wa kushikwa haraka na ugonjwa wa madoa meusi. Kwa hiyo usishangae ukikuta waridi la njano zuri kwa macho lisilo na harufu, au lenye majani ya madoa mvua ikianza. Harufu ichague kwa pua yako. Nenda kitaluni saa 2 asubuhi, inusa ua lililofunguka nusu, ndipo ulipe. Ukifika mchana joto limekwisha kuipeperusha harufu, na hata ua zuri litakudanganya.

Kati ya aina fupi zenye harufu kali, iliyo na sifa ya muda mrefu ni ‘Korresia’, kutoka kwa Kordes wa Ujerumani, miaka ya 1970. Wengine huiita ‘Friesia’ au ‘Sunsprite’. Ni mwaridi mmoja wenye majina matatu. Unakua kama sentimita 75 hadi 90, maua yanakuja kwa vishada, na njano yake haipauki upesi juani kama zile zinazogeuka rangi ya maziwa baada ya siku moja. Ukikosa huo, tafuta wa kundi la floribunda, yaani wenye maua ya vishada, mfupi, wenye majani mazito yanayong'aa.

Chimba shimo la sentimita 50 kila upande. Changanya ndoo mbili za lita 20 za samadi iliyoiva na udongo wa juu ule mwekundu wa kichanga. Samadi ya mbuzi ni nzuri sana, lakini ikae miezi mitatu ikiwa na unyevu kabla ya kuitumia. Mbichi inaunguza na ina chumvi yake. Usifukie mabua wala vipande vya mti, utaita mchwa. Penye udongo mweusi wa mbuga unaopasuka, usichimbe shimo la kina maana litageuka kisima wakati wa mvua. Inua tuta la sentimita 30 na upande juu yake. Mche uliobebeshwa, fundo lake, pale ulipoungwa, libaki sentimita 3 hadi 5 juu ya udongo. Chipukizi lolote likitoka chini ya fundo ni la shina mama: fukua mpaka linapoanzia na ulinyofoe. Ukilikata kwa mkasi linarudi likiwa matatu.

Panda mvua ikishashika, mwishoni mwa Desemba au Januari. Kati ya kichaka na kichaka acha sentimita 60 hadi 70. Kisha tandaza maganda ya karanga au makapi ya alizeti, unene wa sentimita 5, yasiguse shina: acha nafasi ya kiganja.

Mahali pafaapo ni penye jua la asubuhi mpaka kama saa 7 mchana, kisha kivuli. Upande wa mashariki wa nyumba unafaa, ila hapo ndipo ule upepo wetu wa kiangazi wa kusini mashariki unapogonga. Upepo mkavu unakausha petali na kubeba mafuta ya harufu kabla hujayanusa. Weka uzio wa matete au michongoma unaopitisha upepo kidogo. Ukuta mzima wa matofali unaurusha upepo juu, kisha unashuka kwa kimbunga upande wa pili. Kaa pia mita moja kutoka ukuta uliopakwa chokaa, kwa kuwa unarudisha joto kwenye majani.

Wadudu wa kiangazi ni utitiri mwekundu. Majani yanakuwa na vumbi la shaba, na chini yake utaona utando mwembamba. Wanapenda joto na vumbi. Rushia maji ya nguvu upande wa chini wa majani asubuhi, kila baada ya siku mbili, kwa wiki mbili. Wakati wa mvua, madoa meusi yanahitaji jani libaki limelowa kama saa saba ndipo yaingie, kwa hiyo usimwagilie majani jioni, na okota yale yaliyoanguka uyachome. Ubwiri unga unatibika kwa salfa ileile ya wakulima wa zabibu, lakini si kwenye joto la juu ya nyuzi 30, maana inababua.

Kupogoa hakutawashinda walioona mizabibu ya Makutupora ikipogolewa kwa misimu miwili. Mwaridi wetu haupati baridi ya kuulaza, lazima umlazimishe wewe. Pogoa kwa nguvu mwishoni mwa Juni: bakiza matawi matatu hadi matano, urefu wa sentimita 30 hadi 40, kata kwa mshazari nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje. Oktoba usifanye hivyo, shina lililovuliwa majani litaungua. Baada ya hapo, kila ua likiisha, shuka mpaka jani la kwanza lenye vijani vitano, ukate juu yake. Toka mkato mpaka ua ni kama wiki sita wakati wa joto, wiki saba hadi nane wakati wa baridi. Ukitaka maua ya Krismasi, kata maua yaliyokwisha na vilele vyake katikati ya Novemba, siyo zaidi. Mwenye harusi Agosti mwishoni, ule mkato wa Juni unamtosha.

Maua ya kupamba ndani ya nyumba yakatwe kabla ya saa 1 asubuhi, yakiwa yamefunguka theluthi, na yaingie kwenye ndoo ya maji palepale, si baada ya kumaliza kuzunguka bustani.