Ujerumani Ilizima Nyuklia, Taka Ziko Wapi?

Watu wangu wa Nairobi, kila nikiweka video swali ni lilelile: Ujerumani ilizima nyuklia, taka wanatupa wapi? Kabla hujaandika kwamba naringa na Ulaya, au kwamba kama nimechoka nirudi mtaani Umoja, nisikilize kwanza.

Mitambo mitatu ya mwisho ilizimwa Aprili 2023. Taka kali hazijatupwa popote. Ziko ghalani, kwenye makontena mazito ya chuma. Mwaka 1977 wakubwa walichagua pa kuzizika: Gorleben, kijiji cha mpakani na Ujerumani Mashariki ya wakati huo, bila kuwauliza wenyeji. Wakulima wakafunga barabara kwa matrekta, miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2020 Gorleben ikaondolewa, ati chumvi ya chini yake haifai. Miaka 43! Wakaanza upya, na maeneo ya kuchunguzwa yakawa zaidi ya nusu ya nchi.

Sasa pesa. Mwaka 2017 kampuni za umeme zililipa takriban euro bilioni 24 kwenye mfuko wa serikali, mzigo wa kuhifadhi taka ukahamia serikalini. Pesa hizo zisipotosha, anayelipa ni mlipa kodi. Mlipa kodi ni mimi, ambaye ofisi moja ilipoteza fomu zangu za kibali cha kuishi, nikaambiwa nianze mwanzo, na kodi ilikatwa mwezi huohuo. Inaniuma, kwa sababu kura sina. Kulipa nalipa, kuulizwa siulizwi.

Ufini sheria inaipa halmashauri ya eneo nguvu ya kukataa mradi kama huu. Halmashauri ya Eurajoki ilikubali mwaka 2000, bunge likapitisha 2001, na pango la kuzika taka limechimbwa mita zaidi ya 400 kwenye mwamba. Ni kweli walikuwa wameishi na mitambo tangu miaka ya 1970 na kodi yake wanaijua. Lakini "hapana" yao ingesimama.

Kwetu, watu wa Uyombo kule Kilifi walipinga mtambo wa nyuklia uliopangwa kwao, macho yakahamia Siaya. Stima itawaka Nairobi, taka zitabaki karibu na shamba la mtu mwingine. Naomba tusiwaite maadui wa maendeleo. Mimi ningetaka nguvu hiyo ya kukataa iandikwe kwenye sheria kabla ya kuchimba msingi. Ni maoni yangu tu. Mkenya mwingine wa hukuhuku atakwambia tofauti.

Wewe wa Siaya, kama mmeitwa kwenye baraza la chifu, niandikie: taka zilitajwa?