Kubadilisha bushi za mpira kuwa za shaba nyeusi kwenye mkono wa nyuma wa Honda CG125

Ndugu watazamaji, pikipiki mnayoiona juu ya stendi ni Honda CG125 ya zamani, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976 na ambayo muundo wake umeigwa na pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria hapa Mtwara. Leo tunashughulikia egemeo la mkono wa nyuma, yaani mahali ambapo ule uma wa chuma unaoshika gurudumu huungana na fremu. Kiwandani egemeo hili hufungwa bushi, yaani vipande vya mviringo vyenye tundu vinavyoshikilia bolti la egemeo, za mpira ulionatishwa kati ya mirija miwili ya chuma. Mkono unapopanda na kushuka hakuna chuma kinachosuguana na kingine, kwa kuwa mpira ndio unaojipinda, na ndiyo maana hakuna nipo, yaani kichuchu cha kupigia grisi. Mpira ukishachoka kwa umri, kwa kutu iletwayo na upepo wa chumvi, na kwa magunia ya korosho yaliyofungwa upande mmoja, gurudumu huyumba kwenye kona na dereva hulaumu tairi.

Basi tuanze kwa kuhakikisha. Shikeni gurudumu kwa mikono miwili na kulisukuma kushoto na kulia, mwenzenu akiwa ameweka kidole pale mkono unapokutana na fremu. Mchezo, yaani ulegevu, ukisikika kidoleni, egemeo limekwisha. Ukiwa kwenye gurudumu peke yake, badilisheni beringi za gurudumu na kazi hii muiache.

Fungueni kava la cheni, cheni, fimbo ya breki, gurudumu na shokapu zote mbili. Bolti la egemeo huwa limeshikwa na kutu, kwa hiyo limwagieni mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, na mnapoligonga rudisheni nati kwenye ncha ili nyuzi zisiharibike. Likitoka, libiringisheni juu ya kioo: likirukaruka limepinda, na halifai kurudishwa hata likisuguliwa likang'aa.

Bushi za zamani hazitoki kwa nyundo. Chomeni mpira kwa moto, nje ya karakana na mbali na watu kwa sababu moshi wake ni mbaya, kisha pitisheni msumeno wa chuma ndani na kukata mrija wa nje kwa urefu. Tazameni kamera inaposogea: ninasimama pale ukuta unapobaki mwembamba kama ganda la yai, kwa maana nikizidisha nitachimba mkono wenyewe. Mrija ukishakatwa hivyo huachia, na patasi ndogo inautoa.

Sasa twendeni kwa fundi wa kukereza. Mpeni mkono na bolti lenyewe, msimpe vipimo vya kukariri, kwa kuwa mikono ya umri huu haifanani. Atakereza bushi mbili za shaba nyeusi (bronzi) zenye ukingo kwa nje, kubwa kuliko tundu kwa milimita 0.03 hadi 0.05 ili ziingie kwa kubanwa, pamoja na mrija mmoja mrefu wa chuma kigumu unaopita ndani ya bushi zote mbili. Wapo wanaopendelea beringi za vijiti. Mimi sizipendi mahali hapa, kwa sababu mkono huu hauzunguki, hutikisika kidogo tu, na vijiti hupiga sehemu ileile hadi vinachimba alama. Maji ya chumvi yakiingia, ndiyo basi.

Bushi tunaziingiza kwa kuzivuta na bolti refu lenye nyuzi na washa nene kila upande. Zikishaingia tundu lake hupungua, kwa hiyo fundi hulipanua kidogo baadaye hadi mrija uache nafasi ya milimita 0.03 hadi 0.05. Toboeni nafasi ya nipo juu ya kila bushi, mbali na weldingi, na hakikisheni ncha ya nipo haigusi mrija.

Urefu wa mrija ndio unaoamua kama kazi hii itafaa. Nati ikikazwa, fremu inatakiwa kuubana mrija usizunguke, na mkono upande na kushuka juu yake. Kwa hiyo mrija lazima uzidi umbali wa ukingo hadi ukingo kwa milimita 0.1 hadi 0.2, takribani unene wa karatasi moja au mbili za daftari. Ukiwa mfupi, fremu itabana bushi na mkono utakuwa mzito. Ukizidi sana, mchezo tuliouondoa utarudi.

Pakeni grisi, fungeni bolti na kazeni nati kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki kabla ya kurudisha shokapu. Inueni mkono na kuuachia: ushuke kwa uzito wake, na ukivutwa pembeni usicheze. Ndipo mrudishe vilivyobaki na kupima ulegevu wa cheni.

Kuanzia hapo egemeo linataka grisi kila mwezi, na mara nyingi zaidi wakati wa mvua, hadi grisi safi itokeze pande zote mbili. Anayejua kwamba hatafanya hivyo afunge bushi mpya za mpira, maana shaba kavu huisha upesi. Baada ya siku chache za kwanza barabarani, kagueni nati tena kwa spana.