Mbona niliingia shifti siku ya msiba? Nawajibu leo

Haya ndugu zangu, karibuni. Leo sipiki na sizunguki madukani. Nimeketi kujibu swali ambalo haliishi kwenye maoni tangu niwaambie mama mdogo wangu ametuacha: "Ulipata habari asubuhi, jioni ukaingia kazini. Una roho gani?" Wengine mmesema pauni imenifunga macho. Na nikieleza nilivyosumbuka, kuna atakayesema nalalamika na niko ng'ambo. Semeni tu. Mimi nitasema ilivyokuwa.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee hapa Leicester, Uingereza. Usiku tunakuwa wachache, na aliyeshika zamu ya mchana hawezi kutoka mpaka mimi nifike, maana kuna wazee ambao hata kujigeuza kitandani hawawezi. Ukipiga simu dakika za mwisho, mzigo unamwangukia mwenzako ambaye ana watoto wanamngoja. Kwa hiyo nilimpigia meneja mapema: nimefiwa na mama mdogo aliyenilea, usiku wa leo nitakuja kwa sababu hamtapata mtu, lakini naomba nisigawe dawa. Dawa zina chati, kila tembe unaitilia sahihi, na kichwa changu hakikuwa pale. Mwenzangu akachukua dawa, mimi nikabaki na kazi nyingine.

Mchana huohuo nikaandika baruapepe. Kilichotokea, zamu ambazo siwezi, zile ninazoweza, aliyekubali kubadilishana nami, na siku nitakayowajulisha tena. Basi. Ugonjwa wa marehemu na mambo ya familia sikuyaweka, hayo si ya ofisini.

Sasa makaratasi. Sheria ya ajira ya hapa ya mwaka 1996 inakupa muda wa kiasi ukifiwa na mtu wako, ila haimlazimishi mwajiri kukulipa muda huo. Na mtu wako, kwa sheria hiyo, ni mume au mke, mtoto, mzazi, au mtu wa nyumba moja na wewe. Mama mdogo hayumo. Jamani, hapo niliumia. Huyu ndiye aliyeuza omena Kondele, kule Kisumu, nikapata karo. Ndiye aliyenisindikiza stendi siku naondoka. Halafu karatasi inaniambia huyo si wa kuhesabiwa! Kuna walionishauri niandike tu "mama," nani atajua? Nikakataa. Viza yangu inamtegemea mwajiri huyuhuyu, na mama mdogo hakustahili kufichwafichwa kwa uongo.

Nikatumia likizo yangu ya mwaka. Kisheria ni siku 28 kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, na sikukuu zinaweza kuhesabiwa humohumo. Zangu nilikuwa nimeziweka za Desemba, na ndiyo sababu Desemba hamtaniona nyumbani. Mlioniambia "si uende tu, utarudi ukimaliza," hamjui mambo ya kudhaminiwa, yaani viza yako kusimama juu ya mwajiri. Ukikaa bila malipo zaidi ya wiki nne kwa jumla ndani ya mwaka, mwajiri anatakiwa aache kukudhamini, isipokuwa kwa sababu chache kama uzazi au ugonjwa. Ukipotea bila ruhusa zaidi ya siku kumi za kazi mfululizo, lazima akuripoti kwa watu wa uhamiaji.

Ofisi nayo ikataka cheti cha kifo kabla ya mazishi. Kwetu kinachotoka kwanza ni kibali cha mazishi, cheti kinafuata baadaye. Ilibidi nieleze mara kadhaa, binamu yangu akapiga picha kibali, ndipo wakatulia.

Na nyumbani pia kulikuwa na kazi yake. Kamati ya matanga ilinipangia kiasi kwenye WhatsApp kabla hata hawajanipa pole. Mikutano ni saa moja jioni, huku ni saa kumi au kumi na moja kulingana na msimu, saa ambayo mtu wa usiku anajaribu kupata usingizi. Nikawaandikia kama nilivyomwandikia meneja: nitatoa hiki, siku hii, binamu atakaa mkutanoni badala yangu, na nikiwa zamu simu haitashikwa. Nikaomba pia Jumamosi ya kuzika isisogezwe kwa ajili yangu, kwa sababu mochari inahesabu kila siku. Mtu wangu wa damu akaandika kwenye kundi kwamba najivuna. Hilo bado linaniuma, sitaficha.

Haya ni yangu. Mkataba wangu si wako. Nesi wa hospitali ana utaratibu wake, dereva wa lori Marekani ana sheria nyingine kabisa. Kuna waajiri wanaolipa likizo ya msiba hata kwa shangazi, kwa hiyo soma karatasi yako mwenyewe kabla hujanifuata mimi.

Lakini wewe kaka wa Kakamega uliyeandika kutoka Birmingham kwamba mzee amelazwa na hujamwambia bosi kwa sababu unaona aibu: usingoje mpaka mambo yaharibike. Sheria yenyewe inataka umjulishe mwajiri sababu mapema iwezekanavyo na muda unaotarajia kukosekana. Mwandikie usiku huu, na utaje wazi kwamba ni baba yako mzazi. Wewe wako anahesabiwa.