Nani Humwambia Nani "Pumzika"?

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, wazee wangu na wanafunzi wenzangu wa lugha, ninawashukuru kwa kunialika nizungumze juu ya neno ambalo sote tulilipata nyumbani kabla ya kujua kusoma. Neno hilo ni pumzika. Nimelichagua kwa sababu ninaamini kwamba, katika matumizi yetu ya kila siku, pumziko ni jambo ambalo mtu hupewa na mwingine mara nyingi zaidi kuliko anavyojichukulia mwenyewe, na kwa hiyo anayetaka kulielewa neno hili hana budi kuuliza ni nani anayemwambia nani apumzike.

Tuanze na umbo lake. Kitenzi pumua kimetupa pumzi, na katika ukoo huo huo ndimo limo pumzika. Katika Kiswahili cha Kongo bado husikika pumuzika, ambamo ile pumua iko wazi zaidi. Kupumzika basi ni kuirudisha pumzi. Mama aliyetua ndoo ya maji katikati ya mlima anapumzika, na mchukuzi aliyeshusha gunia ukingoni mwa barabara anapumzika, ingawa hakuna kati yao aliyemaliza kazi yake. Neno linadai juhudi iliyotangulia. Ndiyo maana mtu aliyeshinda kutwa bila kugusa chochote hatumwiti aliyepumzika. Tutasema amekaa tu, na sauti itaonyesha tunamfikiriaje.

Pwani ilipopokea maneno ya Kiarabu, ilipokea mawili yenye maana ya pumziko, yaani raha na starehe, na yote mawili yametoka katika mzizi uliotupa pia neno roho. Baada ya muda yalihama. Leo ukisema fulani anapenda starehe, msikilizaji atafikiria muziki, vinywaji na matumizi ya fedha, na raha nayo imekuwa furaha ya mwili na moyo. Hata hivyo maana ya kale haikufa. Mtu akiingia barazani, na waliokaa wakataka kuinuka ili wampishe, anaweza kuwaambia "stareheni", yaani kaeni mlivyokaa, msijisumbue kwa ajili yangu. Na Wakatoliki wanapowaombea marehemu husema: "Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie, wapumzike kwa amani." Raha ya sala hiyo ni pumziko, kama ilivyo katika Kilatini, lugha ambayo sala ilitafsiriwa kutoka kwayo, na kwangu mimi ni jambo la kupendeza kuona neno lililokuja na jahazi na neno la Kibantu yakikaa katika sentensi moja na kubeba mzigo mmoja. Mahali pengi pengine, lakini, raha na starehe zimeiachia pumzika kazi hiyo.

Sasa tulitazame neno likiwa nyumbani. Mgeni akifika kutoka safari huambiwa "karibu, pumzika kwanza", na mara nyingi maji huletwa kabla ya swali lolote zito. Katika neno hilo kwanza mna adabu kubwa: mwenyeji anamwambia mgeni kwamba hadaiwi maelezo bado, kwamba sababu ya safari yake, hata ikiwa ni deni au msiba, inaweza kungoja mpaka pumzi itulie. Mchana, mtoto akiulizwa baba yuko wapi, hujibu kwamba "amejipumzisha", na mgeni mwenye malezi huelewa kwamba hapaswi kuomba aamshwe. Angesema baba amelala, habari ingekuwa ile ile, lakini heshima ingepungua, kwa sababu kulala kunamhusu kila mtu na kila kiumbe, ilhali kujipumzisha kunamkumbusha msikilizaji kwamba mtu huyu alikuwa akifanya kazi.

Matumizi mengine nitayapitia kwa haraka. Watangazaji wa mpira hutuambia kwamba timu zimekwenda mapumziko, nayo kanuni ya mchezo haiyaruhusu yazidi dakika 15. Mkulima huipumzisha ardhi iliyochoka. Kocha humpumzisha mchezaji, na hapo tayari tunaanza kusitasita, kwa sababu kauli ya kusababisha inaweza kuficha kwamba anayepumzishwa hakuomba. Kusitasita huko huongezeka pale kiongozi aliyeondolewa katika wadhifa anaposemwa kwamba "amepumzishwa". Neno la ukarimu limetumika kufunika uamuzi wa mwenye mamlaka, na kila msikilizaji anajua hivyo, lakini hakuna anayelikataa kwa sababu linamhifadhia yule mtu uso wake.

Ninaomba tukae zaidi kwenye matumizi yanayohusu kifo. Familia ina mgonjwa hospitali, na mmoja wao amekesha naye. Alfajiri anapiga simu nyumbani na kusema: "Mzee amepumzika." Upande wa pili unanyamaza, kwa sababu siku chache nyuma maneno hayo hayo yalimaanisha kwamba mzee, baada ya sindano, amepata usingizi. Aliyepokea simu anauliza, "Amepumzika vipi?", na kabla hajajibiwa kwa maneno ameshajibiwa kwa pumzi ya anayelia. Utata huu si udhaifu wa lugha. Aliyekaa kitandani pa mgonjwa akihesabu kila pumzi inavyoingia kwa taabu na kutoka kwa taabu anajua kwa nini neno lililojengwa juu ya pumzi ndilo lililomjia mdomoni: kwa wiki nzima hakuna kazi ngumu ambayo mzee aliifanya zaidi ya kuvuta hewa, na sasa ametuliwa mzigo huo. Ndiyo maana, hasa kwa aliyeugua muda mrefu, "amepumzika" husemwa kwa huzuni iliyochanganyika na shukrani. Kwa kijana aliyekufa ghafla barabarani neno hilo huja kwa shida, na wengi wetu huona halijakaa sawa.

Mgeni, mzee na marehemu, basi, wote huambiwa wapumzike. Lakini mgeni anapopumzika, yuko anayekwenda kuwasha jiko, na katika nyumba nyingi za mijini huyo ni dada wa kazi, ambaye aliamka kabla ya wote na ambaye huenda siku nzima ikapita bila yeyote kumwambia neno hili. Hapa ndipo sheria inapoingia, na kwa maoni yangu imefanya kazi muhimu sana katika maisha ya neno letu, kwa kuwa imelitoa katika hisani na kulitia katika haki. Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara ya 24, linamhakikishia kila mtu pumziko pamoja na mpaka wa saa za kazi. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, inampa aliyefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60, na inadai saa 12 za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine, pamoja na saa 24 kila wiki. Kenya, sheria ya ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku 7.

Hata hivyo, katika Tanzania Bara, zile saa 12 zinaweza kupunguzwa hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi ikiwa mfanyakazi anaishi mahali pa kazi, na dada wa kazi anaishi hapo hapo. Anapokaa jikoni saa tisa alasiri, vyombo vimeoshwa na watoto hawajarudi, mwenye nyumba atasema kwa moyo mweupe kwamba anapumzika. Lakini akiitwa ataitika, na mlango ukibishwa ni yeye atakayeufungua. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2011 kwa ajili ya wafanyakazi wa majumbani, unalizungumzia jambo hili moja kwa moja: muda ambao mfanyakazi hayuko huru kuutumia apendavyo, kwa kuwa anangoja kuitwa, uhesabiwe kuwa saa za kazi, kwa kiasi kitakachowekwa na sheria za nchi. Kiswahili chetu kingekubaliana na mkataba huo, kwani anayesikiliza kama ameitwa bado hajaitua ndoo. Ningependa majadiliano yetu yaanzie kwenye saa hiyo ya alasiri, na hasa tuwasikilize wale walio humu ukumbini ambao wameifanya kazi hiyo.