Bibi alipewa Panadol: nilichojifunza kwenye kazi ya kuhudumia wazee London

Haya jamani, hamjambo huko? Wakubwa, shikamooni. Nimepaki gari hapa Sydenham, kusini mwa London, baridi inachoma, na nina nusu saa kabla ya kuingia zamu. Leo sipiki wala siwaonyeshi maduka. Leo tunaongea kuhusu kufa. Subiri, usikimbie!

Kazi yangu mnaijua, nahudumia wagonjwa majumbani. Juzi juzi nilikuwa na mzee mmoja, saratani ilishamla ini, na daktari keshasema kuponya haiwezekani. Kwetu hapo mngeambiwa "mrudisheni nyumbani mkamuuguze", basi, mmeachiwa mzigo wenu. Huku hapo ndipo watu wanaanza kugonga mlango. Nesi alileta kasha la dawa likakaa kabatini hata kabla hazijahitajika: ya maumivu, ya kichefuchefu, ya kutuliza mahangaiko, ya kukausha yale makohozi yanayokoroma kooni. Mzee aliposhindwa kumeza, akawekewa kimashine kidogo, kama rimoti ya tivii hivi, kinasukuma dawa taratibu chini ya ngozi saa 24. Mimi kumgeuza, na kumlowesha midomo kwa kisponji cha kwenye kijiti. Maji akayakataa. Mkewe akacheka, akakichovya kisponji kwenye bia. Wee! Mzee alikinyonya mpaka nikaogopa atakimeza.

Nilirudi kwenye gari nikalia, maana nilimkumbuka Bibi yangu. Pangani, 2006, saratani ya shingo ya kizazi. Usiku alikuwa anaiuma kanga ili sisi wajukuu tusimsikie. Hospitali walitupa Panadol, tukaenda nazo nyumbani. Ndani ya ile nyumba tulikuwa watu kumi na wawili, hakukosa wa kumshika mkono hata dakika moja. Yule mzee wa huku watoto wake walikuja mara moja tu. Kwa hiyo najua mtasema nini: wazungu hawana utu, sisi tuna upendo. Upendo ulikuwepo, sikatai. Na ile kanga tulipoifua tuliikuta imetoboka.

Wala huku hayakuanza jana. Mtaa wa pili hapa kuna hospisi, yaani nyumba ya kuhudumia wagonjwa wasiopona, inaitwa St Christopher's, aliyeifungua 1967 ni mama mmoja, Cicely Saunders. Alikuwa nesi, mgongo ukamsumbua, akahamia ustawi wa jamii hospitalini. Huko akakutana na mkimbizi kutoka Poland, David Tasma, anakufa kwa saratani hana ndugu. Alipofariki 1948 alimwachia Cicely pauni 500, akisema atakuwa dirisha kwenye nyumba ambayo Cicely ataijenga. Mama akaambiwa wanaowakimbia wagonjwa hawa ni madaktari, basi akaenda kusomea udaktari ukubwani, akamaliza 1957. Somo lake kubwa ni jepesi mno: usisubiri maumivu yarudi ndipo utoe morfini, ile dawa kali ya maumivu. Mpe kwa saa, kabla hayajarudi.

Sasa msiniambie hayo ni ya Ulaya. Kampala hapo, 1993, daktari Anne Merriman alianzisha hospisi, wakawa wanachanganya poda ya morfini na maji, wanatia rangi kuonyesha ukali wake, ya kijani ndiyo hafifu. Mgonjwa anakunywa kwake, kitandani kwake. Na mwaka 2004 Uganda ikawa nchi ya kwanza Afrika kuruhusu manesi waliosomea kazi hiyo kumwandikia mgonjwa morfini wenyewe. Uganda, jirani zetu! Halafu Shirika la Afya Duniani linasema katika kila watu 100 wanaohitaji huduma hii ya kupunguziwa mateso duniani, wanaoipata ni kama 14.

Kwetu inaitwa tiba shufaa. Likariri hilo neno. Ocean Road, hospitali ya saratani pale Dar, wanaitoa. Ukiwa na mgonjwa muulize daktari hivyo hivyo, "tiba shufaa ipo?", usione haya. Na ukisikia morfini usiruke. Ikipimwa vizuri na kuongezwa polepole haimuui mgonjwa. Kero yake ni kufunga choo, lazima apewe na dawa ya kulainisha.

Huku nako msidhani ni peponi. Serikali inachangia kama theluthi tu ya gharama za hospisi, zilizobaki ni michango, urithi wa marehemu na maduka ya mitumba. Hili koti nililovaa nimelinunua kwenye duka la hospisi, pauni 6. Nchi tajiri hii, na mtu kufa bila maumivu kunategemea magauni ya zamani ya watu.

Mjomba wangu naye anaumwa, ndiyo maana nimeongea sana leo. Nilimsumbua Mama wiki mbili, muulize daktari, muulize daktari. Jana usiku kanitumia sauti: "Chupa tumepewa, mwanangu. Kalala mpaka asubuhi, kaamka anadai uji."

Eeh, saa yangu imefika. Nakimbia.