Kisiki cha mathenge na pesa za kaunti

Bwana mwenyekiti, wazee, akina mama, vijana, hamjambo. Nimeitwa nizungumzie fedha za kaunti za kumsaidia mwenye shamba kupambana na mathenge, ule mti wa miiba wa kigeni unaomeza malisho na mashamba yetu. Jinsi mti huu ulivyoletwa Baringo miaka ya themanini, na yule mbuzi kibogoyo, aliyeharibiwa meno na maganda yake matamu, aliyefikishwa mahakamani Nairobi katika kesi ya mwaka 2006, hayo mnayajua kunishinda. Mimi nimekuja na habari ya kisiki.

Mtu akilipwa kukata mathenge, anakata wapi? Anakata pale panga linapofika bila yeye kuinama. Magotini. Anapigwa picha kando ya rundo la miiba, anatia sahihi, anachukua posho, anakwenda zake. Mvua ikinyesha, kisiki kile kimoja kinatoa fimbo saba, nane, na kila fimbo ina miiba yake. Jana ulikuwa na mti, leo una kichaka, na kaunti imekilipia.

Nimelisema hili katika kila baraza, na mtaendelea kulisikia. Machipukizi yanatoka shingoni, pale shina linapokutana na mizizi. Ukikata juu ya shingo, umepogoa tu. Sharti ufukue udongo pande zote, shingo ionekane, kisha ukate chini yake, kama shibiri moja ndani ya ardhi. Kwa mti mnene kama paja, hiyo ni kazi ya jembe, sururu na shoka, na kijana mwenye nguvu anaweza kumaliza asubuhi nzima kwa visiki vichache tu. Hapo bado mbegu zilizolala ardhini. Zitaota, na miche ing'olewe ingali michanga, mvua baada ya mvua. Sasa niambieni, pesa ya siku moja ya panga inaifanya kazi hiyo?

Ninachotaka ni hiki: ruzuku igawanywe mara tatu. Fungu la kwanza visiki vikifukuliwa, la pili baada ya mwaka, la tatu mwaka wa tatu, shamba likikutwa safi. Na mkaguzi aje na jembe, kamera aiache ofisini.

Najua kuna atakayesema sheria ipo. Ipo, ndiyo. Mwaka 2008 mathenge ulitangazwa kuwa gugu hatari chini ya Sura ya 325, sheria ya Kenya ya kudhibiti magugu hatari, na sheria hiyo inamtwika mwenye ardhi wajibu wa kuling'oa. Vizuri sana! Basi tumshtaki mjane wa kijiji cha Ng'ambo mwenye ekari tano zilizomezwa, kwa mti ulioletwa na mradi uliobarikiwa na serikali? Tukimaliza kumtoza faini, atanunua jembe kwa pesa gani?

Mwingine ataniambia tuuchome makaa, mti utaisha wenyewe. Makaa yake ni mazuri, sina ugomvi nayo, na yanasomesha watoto wengi hapa Marigat. Lakini mchoma makaa anachagua mashina manene, vijiti anaviacha, na kisiki hakigusi. Kwa nini akiue? Kikifa, mwaka kesho atachoma nini? Anayetaka kuuvuna na anayetaka kuumaliza hawawezi kulipwa kwa fomu moja.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi nitakimbia.

Maganda ya mathenge: mbuzi anakula ganda tamu, mbegu inapita tumboni salama na kuangushwa malishoni pamoja na mbolea yake. Yakisagwa mashineni mbegu zinakufa, unga unabaki lishe ya mifugo. Kaunti inunulie vikundi vya akina mama mashine, wapewe na pesa ya kuzitengeneza zikiharibika.

Nyasi zipandwe mara tu shamba likisafishwa, la sivyo mathenge utarudi kupajaza. Mbegu za nyasi ziwe ndani ya bajeti hiyohiyo.

Ardhi ya jamii nayo, nani atatia sahihi ya ruzuku pale ambapo bado haijasajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016? Nilikuwa na mengi hapa, sasa nawaachia mawakili, wao hawalipwi kwa ekari.

La mwisho, na hili liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano: waanze na mashamba ya kandokando ya mito ya Perkerra na Molo, wakianzia juu. Mafuriko yanabeba maganda, na ukisafisha huku chini kabla ya kule juu, maji yatakuletea mengine msimu huohuo. Haya, maswali.